Umeme Wetu Usitegemee Mto Mmoja

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mmeuliza, mkulima wa karafuu ana shughuli gani na mitambo ya umeme ya Bara? Jawabu ni fupi. Umeme wa Unguja huvuka bahari kutoka Ras Kiromoni, pwani ya kaskazini ya Kinondoni, Dar es Salaam, hadi Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Wa pili, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Pemba nayo imeungwa na Tanga tangu mwaka 2010. Basi sisi na watu wa Kinondoni na Temeke, ambako wengi wetu tuna watoto na ndugu, twateka maji katika mtungi mmoja. Ukipungua, fundi wa kuchomelea wa Mbagala hukaa bure, mashine ya kusaga ya Tandika hunyamaza, na huku kwetu pampu ya maji husimama. Waliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, hitilafu ya njia hiyo ilipokiacha kisiwa gizani miezi mitatu, hawahitaji kuhubiriwa.

Siku hizi habari ni njema. Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, lilianza kutoa umeme Februari 2024, na mwaka 2025 mashine zake zote tisa zikakamilika. Kila moja ni ya megawati 235, jumla yake 2,115. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini kwa neema hiyo hiyo, karibu nusu ya uwezo wote wa umeme wa nchi sasa umo katika mto mmoja. Nasi twaikumbuka miaka ya 2006 na 2011, mvua zilipokosekana, mabwawa yakashuka, na Dar es Salaam ikala umeme kwa mgawo.

Kwa ajili ya wingi huu wako wasemao kwamba habari ya joto la ardhini, liitwalo jotoardhi, iwekwe kando. Wasema ni ghali, ni ya kubahatisha, na kwamba kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 2013 kuishughulikia ilipita miaka kumi bila ya kuwasha taa hata moja mjini. Hoja hiyo ina uzito wala haifai kudharauliwa. Walakini mimi naona haifai kufuatwa.

Tuzipime njia hizi kama tupimavyo karafuu, kila gunia peke yake. Jua ni rafiki yetu wa zamani, ndilo tuanikialo. Lakini kila mwanachama ajua kwamba mvua ikishuka juu ya majamvi, karafuu hugeuka mpeta. Tena taa za Temeke huwaka zote kuanzia saa moja ya usiku, na saa hiyo jua limekwisha kuzama. Bila ya betri za kutosha, jua ni la mchana tu. Upepo nao ni mali: Kenya imesimamisha mashine 365 karibu na ziwa Turkana, za megawati 310. Lakini baina ya kaskazi na kusi kuna tanga mbili, na kila nahodha aijua hasara yake.

Joto la ardhini halina masika wala kiangazi. Maji yaliyozama chini hupata moto kwenye majabali, kisima huchimbwa, mara nyingine kilomita mbili au tatu, na mvuke ukipanda huzungusha mashine usiku na mchana. Maji yakipoa hurudishwa chini. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya kwanza vilichimbwa katika miaka ya 1950, na umeme wa kwanza, megawati 15 tu, ukapatikana mwaka 1981. Leo zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke. Yafaa tuone mambo mawili hapo. Kwanza, anayengoja shida ndipo achimbe, amechelewa miaka mingi. Pili, kisima kikitoka kikavu fedha zimekwenda; ndiyo sababu serikali ya Kenya mwaka 2008 iliunda shirika lake la kuubeba mzigo huo.

Kwetu sehemu zinazopimwa ni Ngozi na Kiejo-Mbaka, mkoani Mbeya, na Luhoi, mkoani Pwani, upande ule wa Rufiji ambao mtu wa Temeke huuendea kwa barabara ya Kilwa. Hapana mtu anayedai kwamba Luhoi italingana na Bwawa. Kinachotakiwa ni nguvu isiyongoja mvua, hata ikiwa ndogo. Paa huezekwa kiangazi, na kiangazi chetu cha umeme ndicho hiki.

Wakulima wa karafuu tuna funzo letu wenyewe. Mwaka 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Miti ya Pemba ilisalimika, na biashara ya visiwa haikufa. Mti wa shamba la pili ndio uliookoa.

Kwa hiyo naleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo mawili. La kwanza, tuwaombe wabunge wetu walioko Dodoma waitetee fedha ya kuchimba jotoardhi, isikatwe kwa kisingizio cha wingi wa maji ya Rufiji. La pili, madhali kila megawati ya Unguja hupita Ras Kiromoni, na ya Pemba hupita Tanga, tuwaombe Wawakilishi wetu wahimize mitambo ya jua yenye betri humu visiwani, tukianzia hospitali na pampu za maji. Waya ukikatika, mvuke wa Mbeya hautatufaa.

Anayeona vinginevyo na aje na hoja yake mkutanoni. Hapo ndipo pa kuamulia.

Katibu