Mawazo Hayatoboi Tumbo

Mhubiri mmoja, msibani pembezoni mwa mji wa Bariadi, aliwaambia waombolezaji kwamba kijana waliyekuwa wakimzika ameuawa na mawazo. Tumbo lilitoboka kwa vidonda, akasema, kwa sababu marehemu hakujua kusamehe. Watu wakaitikia "Amina." Hakuna aliyeuliza alikuwa akivuta sigara ngapi kwa siku, wala kama gongo alikuwa akiinywa kabla ya kula.

Imani hiyo imeenea mkoa mzima wa Simiyu, kuanzia Maswa hadi Lamadi. Muuza dawa ndani ya basi la Mwanza anaitangaza huku ameinua chupa ya mizizi. Mama mkwe naye anaikariri, na wenye vyeti vyao hawako nyuma.

Haya, tuichukue kama ilivyo. Kama mawazo yangekuwa yanatoboa matumbo, nani angebaki mzima Simiyu? Msimu wa 2019 wakulima walipeleka pamba yao AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, kisha wakakaa miezi wakisubiri malipo. Mawazo yalijaa kila kaya. Nani aliona foleni ya matumbo yaliyotoboka? Na mama anayelima, anayeteka maji, anayekata kuni na bado anaulizwa chakula kiko wapi, huyo hana mawazo?

Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliwachunguza wagonjwa 84 waliotobokwa na vidonda kati ya Aprili 2006 na Machi 2011. Wanaume ndio waliozidi, 1.3 kwa kila mwanamke 1. Nusu ya wagonjwa hawakuzidi miaka 28. Wanywaji wa pombe walikuwa asilimia 85.7, wavutaji wa sigara asilimia 64.3. Waliotumia dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na aspirini walikuwa asilimia 10.7. Matokeo yakachapishwa 2011, mwaka uleule ambao nusu ya nchi ilikuwa ikikimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500.

Kisha kuna bakteria anayesababisha vidonda, Helicobacter pylori, anayeishi kwenye ute unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo la mtu mpole na la mgomvi bila kubagua. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa makusudi, na siku chache baadaye tumbo lake likavimba kwa ndani. Hakuhitaji kugombana na mkewe kwanza. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kumgundua bakteria huyo. Bakteria huyo hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa muda wa wiki mbili hivi.

Hapo ndipo hutajwa yule babu aliyevuta sigara hadi miaka 90 bila hata kiungulia. Babu huyo yupo kila kijiji, kama alivyopo mlevi anayelala barabarani na kuamka mzima. Bado hakuna anayemwita mlevi huyo afundishe usalama barabarani.

Hasara ya imani hii ya mawazo ni muda. Asilimia 69 ya wagonjwa wale wa Bugando hawakuwa wamewahi kutibiwa vidonda, na muda wa kati wa kuugua ulikuwa siku 5.8. Wakati huo asidi na chakula vinamwagika nje ya utumbo, tumbo linakakamaa, na picha ya eksirei inaonyesha hewa chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, mahali isipotakiwa kuwepo. Daktari hupasua, huosha, kisha huziba tundu kwa kipande cha utando wa mafuta wa tumboni na kukishona hapohapo. Asilimia 10.7 ya wagonjwa wale walifariki, na kuchelewa ni miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Mgonjwa akifikishwa mapokezi, daktari hamuulizi amemkosea nani. Anauliza maumivu yalianza lini, na ndugu waliomleta wanaanza kutazamana.