Usanifu wa Kihandisi na Lugha ya Mtumiaji: Mfano wa Bukoba na Muleba

Katika vyuo vikuu vya Tanzania, mwanafunzi wa uhandisi mitambo hufundishwa usanifu kama ngazi yenye vidato: kubainisha tatizo, kukusanya mahitaji ya mtumiaji, kubuni masuluhisho kadhaa, kuchagua moja, kulichora, kuunda mfano wa kwanza, kuujaribu, kisha kurudi nyuma palipoonekana kosa. Vidato hivyo hufundishwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza. Aghalabu kinachoshikwa ni mpangilio wake tu. Kinachosahauliwa ni kwamba vidato viwili vya mwanzo ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya mitambo. Makala haya yanashikilia kwamba vidato hivyo, angalau hivyo, vifundishwe kwa Kiswahili.

Uchukuliwe mfano wa ukamuaji wa ndizi huko Muleba na Bukoba. Ndizi za pombe zilizoivishwa hukanyagwa kwa miguu, au hukandwa kwa mikono, pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa gogo, hadi maji matamu yajitenge. Maji hayo hunywewa yakiwa mabichi, au huchachushwa pamoja na mtama uliokaangwa yakawa rubisi. Mwanafunzi aliyepewa kazi hii kwa sentensi moja ya Kiingereza iliyotungwa ofisini huenda akaanza na visu vinavyozunguka. Atapata uji mzito usioachia maji. Nyasi, ambazo yeye angeziona kuwa uchafu, ndizo zinazosugua ndizi na kuyachuja maji. Mkulima hasemi kwamba anasaga ndizi, anasema anakamua. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ni sharti la kwanza la usanifu, nayo haipatikani katika jedwali lolote la vipimo.

Itasemwa kwamba mzee wa Muleba hueleza kazi yake kwa Kihaya. Ni kweli. Lakini mwanafunzi aliyetoka Mtwara au Tanga hana Kihaya, na mzee huyo hana Kiingereza. Wanapokutana, hukutana katika Kiswahili. Kuyatoa mahitaji yaliyoelezwa kwa Kiswahili na kuyaandika moja kwa moja kwa Kiingereza ni kutafsiri, na mwanafunzi wa uhandisi hakufundishwa kutafsiri.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Mabaki ya uyeyushaji chuma ya Katuruka, wilayani Bukoba, yanarudi nyuma takriban miaka 2,000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa, walijenga upya tanuri mbele ya watafiti, na matokeo yakachapishwa na Peter Schmidt na Donald Avery mwaka 1978 katika jarida la Science. Shimo lilikandikwa udongo wa kichuguu, unaostahimili joto. Juu yake liliinuliwa bomba la tanuri la kimo cha meta 1.4 hivi, kwa udongo huohuo na mavi ya chuma ya zamani. Matete ya bwawani yalichomwa shimoni. Mirija ya udongo iliyopeleka hewa ya mivukuto ilipenya ndani kabisa ya tanuri. Wataalamu wa metali wamebishana kama hewa hiyo kweli ilipata joto kabla ya kufika motoni, na ubishi huo ni halali. Linalohusu ufundishaji ni jingine: majaribio ya mwanzo hayakufaulu, na wazee wakajadiliana, wakabadilisha, wakarudia. Hicho ndicho kidato ambacho vitabu hukitaja mwisho na walimu hukiruka kwa kukosa muda. Na ujuzi ule haukurithishwa kwa Kiingereza.

Hoja ya uhaba wa istilahi haina nguvu iliyokuwa nayo zamani. Kamusi ya ufundi ya Rajmund Ohly ilitolewa mwaka 1987 na taasisi ya ubunifu wa uzalishaji ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. TUKI ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kasoro iko kwingine, na idara za Kiswahili haziwezi kuikwepa: istilahi zimeundwa na wanaisimu, zikasomwa na wanaisimu. Hata neno usanifu halijatulia. Kwa mjenzi ni kazi ya kuchora jengo. Kwa mwalimu wa lugha linakumbusha Kiswahili sanifu, yaani kilichokwisha kukubaliwa. Mhandisi anayesanifu hufanya karibu kinyume chake, kwani anatafuta kisichokuwapo. Utata huo utaisha pale tu neno litakapofanyiwa kazi karakanani. Kikao cha istilahi hakitaumaliza.

Yafaa basi mwanafunzi wa uhandisi na mwanafunzi wa Kiswahili wapelekwe pamoja uwandani, waandike maelezo ya tatizo kwa Kiswahili, wamsomee aliyewaeleza, naye awasahihishe kabla mstari wowote haujachorwa. Maelezo hayo yapewe alama kama michoro inavyopewa. Mtumbwi wa ndizi wa Muleba unatosha kuwa zoezi la kwanza.