Tusiwafukuze Wenye Maswali

Kijana akiuliza katika darasa la kipaimara, "Tunajuaje kwamba mambo haya yalitokea kweli?" mara nyingi hukemewa. Huambiwa ana roho ya mashaka, au elimu imemharibu. Naye hunyamaza, kisha swali lake hulipeleka kwa watu wasioijali Biblia wala wasiomjali yeye.

Swali hilo ni halali. Luka mwenyewe, anapoanza Injili yake, humweleza Theofilo kwamba habari zake zilitoka kwa walioshuhudia, na kwamba alizichunguza kwa bidii kabla ya kuandika. Mwandishi wa namna hiyo haogopi kuchunguzwa. Mbona sisi tuogope kwa niaba yake?

Na uchunguzi umefanyika. Mwaka 1961 wachimbaji wa Kiitalia walikuta Kaisaria, mji wa kale wa pwani ya Palestina, jiwe lililokuwa limetumiwa tena kujengea ngazi. Juu yake lilichongwa jina la Pontio Pilato pamoja na cheo chake. Maandishi ya Delphi, Ugiriki, nayo humtaja Galio, yule liwali ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake huko Korintho, na kwa hayo wataalamu huweza kuuweka uliwali wake karibu na mwaka 51 au 52. Luka hakubuni watu hawa.

Lakini tusipige chuku. Jiwe la Pilato huthibitisha kwamba Pilato alikuwako, ufufuo halithibitishi. Tena yako mambo magumu, nayo lazima yasemwe. Luka huunganisha kuzaliwa kwa Yesu na hesabu ya watu ya Kirenio. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, huiweka hesabu hiyo mwaka 6 baada ya Kristo, hali Mathayo asema Yesu alizaliwa siku za Herode, na wanahistoria wengi hukubali kuwa Herode alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo. Majibu mengi yametolewa, wala hakuna lililowaridhisha wote. Aya 12 za mwisho za Marko hazimo katika nakala mbili mashuhuri za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus. Hata kisa cha mwanamke mzinzi, tunachokipenda mno, hakimo katika nakala za kale kabisa za Yohana.

Wachungaji na mapadre wetu hufundishwa haya vyuoni. Wakirudi mimbarani, wengi huyafungia kabatini, wakidhani wanailinda imani ya wadogo. Hawailindi! Siku kijana atakapoyasoma kwa mwingine hataitilia shaka Marko peke yake. Atamshuku na mchungaji aliyemficha, na kila alilowahi kufundishwa naye. Ubaya huo hautoki katika hati za kale. Umetoka kwetu.

Tomaso alikataa kuamini mpaka aone, na wenzake hawakumtoa nje. Siku nane baadaye alikuwa pamoja nao chumbani, ndipo Bwana alipomjia.

Basi, wazee wa kanisa, tengeni jioni moja kila mwezi kwa maswali tu. Fungueni Marko sura ya 16 mbele ya vijana, waonyesheni mabano ambayo matoleo mengi ya siku hizi huyaweka, mweleze yametoka wapi. Msilolijua, semeni hamlijui, kisha mlitafute pamoja nao.