Neno la Mhariri: Pori la Nani?

Mkulima anayefungua shamba jipya husema anakwenda kusafisha pori. Tumelizoea neno hilo hata hatulisikii tena. Anachokwenda kusafisha si taka. Ni mitundu na mininga iliyosimama pale tangu kabla babu yake hajazaliwa, mizinga ya nyuki iliyotundikwa matawini, uyoga unaochomoza baada ya mvua za kwanza, na ule mti ambao mama yake mwenyewe alichimba mizizi yake siku mtoto alipougua tumbo. Shoka na moto vikishapita, tunasema sasa pamekuwa pasafi.

Ndiyo maana toleo hili lote tumelipa misitu, na hasa msitu usio na jina kubwa: miombo. Tulipokaa kupanga kurasa, picha ya kwanza iliyoletwa kwa ajili ya jalada ilikuwa ya nyumbu wakivuka Mto Mara. Ni picha nzuri, na sina ugomvi na nyumbu. Lakini nyumbu wana watetezi duniani kote, na Serengeti imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951. Mtundu wa Sikonge unatetewa na nani?

Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi yake. Zaidi ya asilimia 90 ya hizo si msitu mnene wa milimani kama ule wa Usambara au Udzungwa, wala si mikoko ya Rufiji. Ni misitu ya wazi, na sehemu yake kubwa ni miombo: Tabora, Katavi, Songea, Lindi, Kilosa, Handeni. Tathmini hiyohiyo ilikadiria kwamba tunapoteza zaidi ya hekta 370,000 kila mwaka. Hesabu ya serikali iliyofuata ikaifikisha hasara hiyo takriban hekta 469,000. Mkoa mzima wa Dar es Salaam una hekta zisizofika 140,000. Kila mwaka, basi, tunafyeka Dar es Salaam tatu na kipande.

Anayepita barabara ya Tabora mwezi Agosti hataona cha kumsimamisha. Vumbi, majani makavu, weusi wa moto uliopita. Arudi mwishoni mwa Septemba. Mvua haijanyesha hata tone, mito imekauka, na miti yote imevaa majani mapya yenye rangi ya shaba na ya damu ya mzee, laini kama sikio la mtoto. Maji inayotumia ni yale iliyoyaweka tangu masika yaliyopita. Ndipo maua huja, na nyuki nao, na kutoka hapo hupatikana ile asali ya Tabora ambayo tunaisifu mijini bila kuuliza imetoka kwenye mti gani. Hata jina miombo, wanasayansi wa dunia wamelichukua kwetu. Muyombo ni mti ambao Mnyamwezi anaujua kwa gome lake, kwa kuwa ndilo alilotengenezea mzinga na kusokotea kamba. Mti wenye jina, kazi na mwenyewe unawezaje kuitwa pori?

Sheria zetu nazo zinaongea hivyohivyo. Tuna Pori la Akiba, tuna Pori Tengefu. Akiba ya nani, na aliyetenga ni nani, hapo ndipo ugomvi wetu wote wa hifadhi ulipo.

Wasukuma wana neno ambalo Kiswahili kilipaswa kulikopa zamani: ngitili. Mvua zinapoanza, familia au kijiji hufunga kipande cha malisho, ng'ombe hawaingii. Nyasi hurefuka, visiki huchipua. Kiangazi kikikolea na malisho ya nje yakiisha, ngitili hufunguliwa sehemu kwa sehemu, ndama na ng'ombe dhaifu wakitangulia kufikiriwa. Ni ghala lenye mwenyewe, ila halina kuta.

Ghala hilo lilivunjwa kidogo kidogo. Wakati wa ukoloni miti ilifyekwa kwa eneo kubwa kupambana na mbung'o. Pamba ikataka mashamba zaidi, ng'ombe wakaongezeka. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikahamisha watu, na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila wa kuzilinda. Miaka ya 1980 ilipofika, Shinyanga ilikuwa inatajwa kama jangwa linalokuja, na akina mama walikuwa wakitembea mwendo mrefu kutafuta kuni au wakipikia mabua na samadi.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Ulianza kama miradi mingi inavyoanza: vitalu vya miche, miti ya kigeni, maagizo kutoka juu. Mafanikio yake makubwa yalikuja pale wataalamu walipogeukia desturi ya wenyeji. Chini ya ardhi ile tupu, mizizi ilikuwa bado hai. Ilichohitaji ni kuachwa ipumue. Waliolinda ngitili hawakuwa askari wa wizara. Sheria zilipitishwa kwenye dagashida, mkutano wa wanakijiji, na sungusungu ndio waliozisimamia. Mradi ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Sijaona bado sherehe ya siku ya kupanda miti, pamoja na hotuba na ngoma zake zote, iliyotuletea msitu wa kiasi hicho.

Watu wa Duru-Haitemba, Babati, nao walitufundisha jambo hilo kwa upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wao wa miombo, hekta 9,000 hivi, uwe msitu wa hifadhi wa serikali. Mipaka ilipoanza kupimwa, watu hawakuanza kuuheshimu. Walikimbilia kukata walichoweza kabla hawajafungiwa. Tusiwahukumu, yeyote anayeambiwa kwamba kesho ghala lake litakuwa la mwingine atafanya vivyo hivyo usiku huu. Kisha likafanyika jambo la busara. Vijiji vinane vikaambiwa: kama mnaweza kuutunza wenyewe, tunzeni. Kila kijiji kikaweka sheria ndogo na walinzi wake, na msitu ukaanza kurudi. Uzoefu huo ulichangia Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo inakipa kijiji haki ya kutangaza msitu wake mwenyewe, kuulinda, kuuvuna na kubaki na mapato yake.

Haki hiyo ipo kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka 20. Karibu nusu ya misitu ya Bara iko kwenye ardhi ya vijiji, lakini eneo kubwa la hiyo halijatangazwa. Kijiji hakina ramani, hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kamati yake ya maliasili ni majina kwenye daftari la mtendaji, kama yapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye fedha akija na barua anaonyeshwa mkono tu: pale kote ni pori.

Kuhusu mkaa, najua wasomaji wetu wana hasira. Nami nimesimama mara nyingi kando ya barabara ya Morogoro nikitazama magunia yamepangwa, lumbesa iliyopita mdomo wa gunia ikazibwa kwa majani na kamba. Lakini tumtazame na yule aliyechoma. Amepanga magogo, ameyafunika kwa majani, ameyafukia kwa udongo, amewasha. Sasa analala kando ya tanuri siku kadhaa, akiamka usiku kuziba kila tundu linalofuka moshi, kwa sababu hewa ikiingia kazi yote inageuka majivu. Yeye si tajiri, na si yeye anayemaliza misitu ya nchi hii kuliko wote. Anayemaliza ni shamba. Mti uliokatwa kwa mkaa, kisiki kikiachwa, huchipua. Msitu uliofyekwa kwa mahindi, kwa ufuta wa kusini, au kwa tumbaku ambayo baadaye bani lake linadai kuni za kuikaushia, haupewi nafasi ya kurudi.

Katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, tangu mwaka 2012, mkaa umekuwa ukivunwa kwa mpango. Eneo la uvunaji hugawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, kimoja kinakatwa na jirani yake anaachwa amesimama, kama ubao wa drafti. Kilichokatwa hakiguswi tena kwa miaka 24. Ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji, na mkutano mkuu unaamua: darasa, zahanati, kisima. Kilwa walifanya hivyo kwa mpingo, mti ambao Wamakonde huuchonga na ambao kwingineko hutengenezewa klarineti. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Kijana wa kijiji kama hicho akisikia msumeno usiku, anasikia mtu anaiba bati za shule.

Wapo wanaotuambia kwamba wanakijiji hawaaminiki, na kwamba dawa ni askari na bunduki. Hifadhi za Taifa zinahitaji askari, sibishani. Majangili wa pembe za ndovu hawazuiwi kwa mkutano wa kijiji. Lakini hakuna serikali yenye askari wa kutosha hekta milioni 48. Na hifadhi iliyojengwa kwa kumtoa mtu huacha kidonda kirefu. Wamaasai waliohamishwa Serengeti kwenda Ngorongoro mwaka 1959 wamewaachia wajukuu wao kumbukumbu hiyo, na ndiyo inayoamka kila mara afisa anapofika na ramani mpya. Msimamo wa jarida hili ni kwamba kijiji kipewe hati ya msitu wake kwanza, kisha kidaiwe kuutunza. Na kanuni za uvunaji zisibadilishwe mjini bila vijiji hivyo kuulizwa, kwa maana kila mara mapato yanapokwama ofisini, shoka linapata sababu.

Msomaji wa Kariakoo au Tabata asidhani haya ni ya mbali. Oktoba 2022 maji yaligawiwa kwa mgao Dar es Salaam kwa sababu kina cha Mto Ruvu kilishuka. Ruvu hutoka milima ya Uluguru, na misitu ya milimani na ya mabondeni ndiyo inayoamua mvua iingie ardhini taratibu au ishuke mara moja na matope. Umeme wa bwawa la Julius Nyerere nao ni maji ya Rufiji, ambayo kabla ya kufika kwenye mitambo yamepita chini ya mizizi ya miombo ya kusini mwa nchi.

Tuna ombi moja kwenu. Kurasa za katikati za toleo lijalo tumeziacha wazi. Tuandikieni jina la msitu ulio karibu na kwenu, jina ambalo wazee wanalitumia, si lile la kwenye kibao cha barabarani. Tajeni miti yake mitatu kwa lugha yenu na kazi ya kila mmoja. Semeni kama kijiji kina hati yake au hakina. Tutayachapa yote kama mlivyoyaandika, na orodha hiyo tutaipeleka kwa kila halmashauri inayohusika.