Aulizwe Aliyefika

Simu ilikuwa imejaa. Mwenyewe, mama wa Kikongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuja Kasulu mjini kwa kibali kumleta mjukuu hospitali, alikuwa ameketi kwenye benchi la fundi simu akifuta ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine, ili picha mpya zipate nafasi. Sauti aliyokuwa akiifuta ni ya bintiye, ya wiki zake za kwanza Marekani.

Nilimwomba anisikilizishe kabla hajaendelea. Binti alikuwa akisimulia ukimya. Nyumba zimepangana mtaa mzima, taa zinawaka, barazani hakuna mtu. Tangu asubuhi alikuwa dirishani akingoja apite yeyote wa kuamkiana naye, na waliopita wote walikuwa ndani ya magari. Ujumbe mwingine ulikuwa wa king'ora cha moshi: alikaanga samaki, dari ikapiga kelele, naye akatoka mbio na watoto, peku, hadi kwenye theluji, akidhani nyumba inaungua.

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipowavusha watu wa Kivu Ziwa Tanganyika. Waliozaliwa humo wana watoto wao sasa. Kwao Marekani ilijengwa kwa picha na maneno: picha za jamaa waliotangulia, darasa la maelekezo ya safari, ubao wa matangazo ambao watu waliusoma kwa kidole, jina kwa jina. Mtu mwenye kesi ya kuhamia huko alihojiwa mara nyingi, na maofisa tofauti: alikimbia nini, siku gani, nani aliuawa, nani aliona. Majibu yaliandikwa, yakalinganishwa, yakahifadhiwa. Kisha siku ilifika, akapanda ndege akishika mfuko wenye herufi za IOM, shirika la uhamiaji, na huko alikokwenda hakutokea wa kumuuliza swali ambalo msafiri mwingine yeyote huulizwa akingali mlangoni: umeona nini?

Hilo ndilo lililotufanya tutoe toleo hili.

Mkoa wetu wa Kigoma unajua vizuri thamani ya kalamu ya mgeni. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Stanley akamkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Na macho yao ya siku za kwanza yamesomwa duniani hadi leo. Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara, alitembea na Burton, na Speke, na Stanley, kisha akavuka bara zima pamoja na Cameron. Hakuacha kitabu. Tunachojua kuhusu aliyoyaona kimepita katika mikono ya mabwana zake. Na si kwamba Kiswahili hakikuweza kazi hiyo. Salim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, akaisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, na Mjerumani Carl Velten akaichapa mwaka 1901 pamoja na safari za Waswahili wengine. Salim aliitazama baridi ya Siberia kwa lugha yake mwenyewe, nasi tunaweza kumsoma.

Wapo watakaosema habari za wakimbizi ni za huruma, zisichanganywe na habari za safari. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayelinganisha theluji na majivu ya jiko la kuni ameona kitu ambacho mtalii hakioni. Tena macho hayo hayadumu. Mwaka ukipita mtu anazoea, anapata kazi ya zamu, anaacha kungoja dirishani; ukimuuliza wakati huo atakujibu kwamba maisha yanaendelea. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wengine wao wakiwa katika kambi za Kibondo, walianza kupokewa Marekani mwaka 2007. Nani aliwauliza? Tangu hapo tumepoteza karibu miaka ishirini ya macho mapya.

Kibondo kuna safari nyingine, fupi na ngumu zaidi kuisimulia. Mtoto aliyeletwa kambi ya Nduta mgongoni mwaka 2015 ni kijana sasa. Kirundi chake kinasikilizana na Kiha cha majirani. Burundi haiko mbali, ni kupitia mpaka wa Mabamba tu, lakini anaijua kama mwenzake wa Nyarugusu anavyoijua Marekani: kwa masimulizi, kwa mparachichi ambao baba hasahau kuutaja. Akirejeshwa, makaratasi husema amerudi nyumbani. Hajarudi. Amekwenda kwa mara ya kwanza, na wapo wanaokuta shamba walilolisikia maisha yao yote linalimwa na mtu mwingine.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na waliokuwa na tarehe za ndege, katika nchi nyingi, wakabaki na tarehe hizo mkononi. Kwa hiyo ndoto ya nchi hiyo inaendelea kuotwa Nyarugusu bila wa kuisahihisha, isipokuwa sauti za waliotangulia, na sauti hizo zinafutwa kila simu inapojaa.

Fundi aliuhamishia kwenye kadi ujumbe kumi na mmoja uliosalia. Binti ametupa ruhusa, nasi tumeuandika kama alivyousema, Kiswahili chake cha Fizi, Kivu, bila kukinyoosha. Ule wa samaki mama alikuwa ameshaugusa na kuufuta mara tu ulipokwisha kulia. Katika kurasa zinazofuata anausimulia mama mwenyewe.