Aliyetangulia Ahudumiwe Kwanza

Malalamiko mengi yaliyoifikia kamati ya jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili mwaka huu hayahusu vibali vya ukaazi wala ada za shule. Yanahusu meza. Familia imekaa mkahawani hapa Kigali, watoto wana njaa, na hakuna aliyewasogelea. Anaingia mzungu, menyu inamfikia kabla hajavuta kiti. Kwenye mlango wa jengo la biashara, mama wa Kitanzania anafunguliwa mkoba hadi mfuko wa ndani, mzungu aliye nyuma yake anapungiwa mkono apite. Wanaotuandikia si watu wa kudeka. Wanasema walinyamaza, wakalipa, wakaondoka, kisha mtoto akauliza swali njiani na mzazi akakosa jibu.

Anayetenda haya karibu kila mara ni mwenzetu mweusi. Sokoni Kimironko mzungu yule yule hutajiwa bei ya juu ya nyanya, na chanzo ni kimoja: rangi ya ngozi inasomwa kama pochi. Mhudumu mwenye mshahara mdogo anahesabu bahashishi, na msimamizi wake anahesabu sifa ya mkahawa. Kwa hiyo tunaomba mhudumu asigombezwe mbele za watu. Aitwe mwenye mkahawa, aulizwe yeye.

Tabia hii ina sura kali zaidi. Mwaka 2021 ilisambaa video kutoka machimbo ya Rutsiro, magharibi mwa Rwanda: wafanyakazi Wanyarwanda wamefungwa kwenye mti, wanachapwa kwa kushukiwa wizi wa madini. Aprili 2022 mahakama ilimhukumu meneja wao Mchina, Sun Shujun, kifungo cha miaka 20. Mnyarwanda mmoja alihukumiwa miaka 12 kwa kushirikiana naye. Adhabu hiyo ya pili haikuzungumzwa sana, nasi tunaona ndiyo inayotuhusu zaidi. Kati ya machimbo yale na meza ya mkahawa kuna umbali mkubwa sana, lakini kote kuwili kuna mtu wa hapa hapa aliyekubali kumdunisha mwenzake kwa ajili ya mgeni.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu yetu ya kulisema hili Kigali. Wafanyabiashara, askari na makarani waliokuja na Uislamu enzi za Wajerumani walitengwa na Wabelgiji pale Biryogo, eneo la Nyamirambo, kwenye mtaa ulioitwa Kambi ya Waswahili. Kutoka kulihitaji ruhusa. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, hivyo mtoto wa Kiislamu alikosa nafasi au alibadilishwa jina ili aipate. Walihesabiwa kuwa watu wa kupita, wajanja, wasioaminika, hata waliozaliwa hapo hapo. Utawala huo huo wa Wabelgiji ndio ulioandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho miaka ya 1930, na mwaka 1994 kitambulisho hicho kiliamua nani afe kwenye kizuizi cha barabarani. Biryogo, mtaa uliodharauliwa, ulihifadhi wengi waliokuwa wakisakwa. Wazee wa Nyamirambo wanaoyakumbuka hayo bado wapo, na vijana wetu wanaokwenda Biryogo jioni kunywa chai wakae nao wawasikilize.

Rwanda ya leo haiandiki kabila kwenye kitambulisho. Katiba yake inakataza ubaguzi wa rangi kwa kuutaja, na sheria ya adhabu ya mwaka 2018 inauhesabu kuwa kosa la jinai. Hatumtakii mhudumu jela. Sheria hiyo inatupa haki ya kuuliza bila woga wa kuambiwa kwamba wageni wanaleta fujo.

Wanachama wenye migahawa, saluni na maduka, tunaanza na ninyi: mwandike utaratibu wa kuhudumia kwa zamu ya kufika, muwapitishe wafanyakazi wote kwenye maelezo yake, na walinzi wenu wapekue kila mkoba au wasipekue wowote. Wenye shule za chekechea mwache kumweka mzungu kwenye bango wakati anayefundisha ni mwalimu kutoka Bukoba. Na aliyetendewa vibaya popote aandike siku, saa na mahali, alete kwa katibu. Kamati itamwendea mwenye biashara kwanza, kwa heshima, watu wawili. Akikataa kusikiliza, tutapeleka barua kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu.