Eringeti: Bei ya sahani ya bugali inaanzia shambani, siyo jikoni

Familia ya watu sita ikishuka kwenye gari Eringeti saa sita ya mchana, swali la kwanza siyo nini kimeiva kwenye sufuria. Swali ni sahani ngapi zitanunuliwa. Baba na mama wanahesabu watoto, wanahesabu franka, kisha wanaomba sahani tatu na maji ya kunawa ya watu sita.

Eringeti iko kaskazini ya wilaya ya Beni, karibu kilometa 60 kutoka mji wa Beni, kwenye barabara ya taifa nambari 4 inayotoka Kasindi, kupitia Beni na Komanda, hadi Kisangani. Ni kituo kikubwa cha mwisho cha Kivu ya Kaskazini kabla ya kuingia Ituri. Hapo hupita wafanyabiashara, askari, wakulima wa kakao, wagonjwa, na familia zinazokimbia ao zinazorudi nyumbani. Wote hukaa kwenye mabenchi yale yale ya malewa, lakini mifuko yao hailingani.

Ndiyo maana malalamiko juu ya bei ya chakula yanamwangukia mara nyingi mama anayepika. Raia wanasema ameongeza franka, amepunguza bugali, amekata samaki vipande vidogo. Lakini ukifuata safari ya sahani moja tangu shambani mpaka mezani, unaona kwamba mama malewa ndiye wa mwisho kupandisha bei, na mara nyingi ndiye wa kwanza kupata hasara.

Hesabu ya meza moja

Tuchukue mfano wa sahani moja ya bugali na maharagi kwa franka 3,000. Baba, mama na watoto wane wakila kila mmoja sahani yake, wanalipa franka 18,000, bila chai wala maji ya kunywa.

Mwezi wa tano 2025, serikali ya Kongo ilipandisha mshahara wa chini, ule unaoitwa SMIG, kutoka franka 7,075 hadi 14,500 kwa siku, na ikapanga kuufikisha 21,500 mwanzoni mwa 2026. Kwa kiwango cha kwanza, mtumishi hawezi kulipia familia yake mlo mmoja wa namna hiyo kwa kazi ya siku nzima. Kwa kiwango cha pili, anabakiwa na franka 3,500 kwa asubuhi, jioni, nyumba, masomo na dawa.

Tena SMIG inahusu mwenye kazi ya kuandikishwa. Mkulima, motari ao mama anayeuza ndizi kando ya barabara hana anayemhakikishia mshahara huo. Ndiyo maana sahani tatu kwa watu sita imekuwa desturi ya wengi. Wakubwa wanasukuma maharagi upande wa watoto, wao wanamaliza bugali kwa mchuzi.

Shamba liko karibu, lakini njia imefungwa

Eringeti si jangwa. Udongo wake unazalisha muhogo, ndizi, mpunga, maharagi na mawese. Kwa kawaida, malewa ya kituo kilichozungukwa na mashamba ingepaswa kuwa na bei ya chini kuliko ya mjini.

Kilichogeuza hesabu hiyo ni vita. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji ya raia yanayohusishwa na waasi wa ADF yamepiga vijiji vya wilaya ya Beni, na baadaye vya Irumu na Mambasa katika Ituri. Eringeti yenyewe ilishambuliwa vikali tarehe 29 mwezi wa 11, 2015. Hospitali na kambi ya MONUSCO zilifikiwa, raia waliuawa, na mlinda amani mmoja wa Umoja wa Mataifa alipoteza maisha. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, majimbo ya Kivu ya Kaskazini na Ituri yamewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Tangu tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka huo, jeshi la Uganda linapigana pamoja na FARDC katika operesheni Shujaa. Hata hivyo, tarehe 27 mwezi wa saba 2025, zaidi ya watu 40 waliuawa katika shambulio la kanisani Komanda, mbele kidogo kwenye barabara hiyo hiyo.

Wengi wa wanaouawa si watu waliokutwa mezani. Ni watu waliokutwa shambani, ao kwenye njia ya kwenda shambani. Mkulima anayeogopa kulala shambani anaondoka nyumbani jua likiwa juu na kurudi mapema. Saa zake za kazi zinapungua. Muhogo unahitaji karibu mwaka mmoja ili ukomae. Asiyejua kama atarudi mwezi ujao anaogopa kuupanda. Na ule uliopandwa zamani unabaki udongoni, hakuna wa kuung'oa.

Matokeo yake yanaonekana kwenye sufuria. Unga na mchele ambavyo vingetoka kilometa chache vinanunuliwa mbali, Beni ao hata ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Kila mzigo unaofika umelipia gari, mafuta, malipo ya barabarani na wabebaji. Mama malewa anayeuza sahani kwa franka amenunua bidhaa ambayo bei yake inafuata dola.

Kakao hailiwi na mboga

Kuna sababu ya pili, isiyozungumzwa sana kwa kuwa inaleta furaha kwa wengine. Wilaya ya Beni ni moja ya sehemu kubwa za kakao nchini Kongo. Mwezi wa 12, 2024, bei ya tani moja ya kakao kwenye soko la New York ilipita dola 12,000. Katika mwaka 2025 ikashuka sana, lakini wakati huo wakulima walikuwa wamekwisha kuona kakao inaweza kulipa nini.

Kakao changa hupandwa pamoja na ndizi na muhogo, kwa sababu inahitaji kivuli. Katika miaka ya kwanza shamba moja hulisha nyumba na kuandaa pesa. Miti ikisha kukua na kufunga majani, chakula hakioti tena chini yake. Shamba linabaki la pesa peke yake, na mwenye shamba anaingia sokoni kununua ndizi kama mtu wa mji.

Katika majira ya mavuno, pesa ya kakao inashuka kwenye kituo kwa wiki chache. Mnunuzi aliyetoka Beni ao Butembo analipa kuku mzima na mishikaki bila kuuliza bei. Mpishi anayemwona mteja huyo anapika kwa ajili yake. Familia inayofuata nyuma inakuta maharagi hayako, kuna nyama tu.

Mji wa Beni nao unaonja hali hiyo kwa njia yake. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, utawala wa jimbo umehamishiwa Beni. Maofisa, watumishi wa mashirika na wafanyabiashara wakihamia mji mmoja, nyumba na vyakula vinatafutwa na watu wengi zaidi, na wenye kipato kidogo wanasukumwa pembeni. Anayesafiri kutoka Eringeti akidhani atakula kwa bei nafuu mjini anaweza kurudi na njaa yake.

Makala, maji, na gari lisilofika

Watu wanajiuliza kwa nini sahani ya maharagi haishuki bei wakati maharagi ni chakula cha maskini. Jibu liko chini ya sufuria. Maharagi makavu yanachemka saa nyingi. Sombe nayo inatwangwa, kisha inakaa motoni muda mrefu. Vyakula hivi viwili vya bei ya raia ndivyo vinavyokula makala mengi. Samaki wadogo huiva haraka, lakini wao wamelipia barabara.

Makala yanatoka msituni, na msitu ni mahali pale pale ambapo raia wanaogopa kuingia. Kila gunia linalofika limebeba bei ya hatari hiyo. Ongeza bidoni za maji ya kupikia, kuosha vyombo na kunawa mikono.

Halafu kuna hesabu ya wateja. Kwa vipindi mbalimbali tangu 2021, magari kati ya Komanda na Luna, jirani na Eringeti, yamekuwa yakisafiri kwa misafara yenye ulinzi wa askari. Misafara inafanya watu wengi wafike kwa wakati mmoja na njaa moja. Lakini barabara ikifungwa kwa sababu ya shambulio ao mvua, sufuria iliyopikwa kwa watu 40 inauzia watu 10. Bila friji, chakula kinachobaki hakifiki kesho. Mama malewa anayetaka kuendelea na kazi analazimika kuingiza hasara ya siku hiyo katika bei ya siku nyingine. Msafiri anamwona mchoyo, kumbe analipia gari lililokosa kufika jana.

Malewa si nganda

Bei peke yake haitoshi kwa mzazi. Sehemu nyingi za kula kando ya barabara zimechanganya chakula na pombe. Muziki uko juu, wanywaji wamekaa tangu asubuhi, na wenye silaha wanapumzika meza ya pili. Mama mwenye watoto anaweza kupata sahani ya bei nafuu hapo, lakini hataki binti yake akae hapo.

Malewa inayofaa familia inajulikana kwa vitu vidogo. Haiuzi pombe, ao imeitenga. Ina kivuli na benchi ambalo mtoto anaweza kukaa. Ina choo kinachoweza kutumiwa. Ina ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni. Inakubali kugawa sahani bila kumwonyesha mteja uso mbaya. Na inapika mapema, kwa sababu katika sehemu zenye usalama mdogo familia haizunguki jioni kutafuta chakula.

Ile ndoo ya mlangoni ina historia yake. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukianzia Mangina, ulidumu hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200. Wakati huo kunawa kulikuwa sheria Beni na Butembo. Leo mzazi anayeikuta ndoo ikiwa na maji anajua mengi juu ya jiko kabla ya kuuliza bei. Anayeikuta kavu pia anajua.

Nini kinaweza kufanyika

Wazo linalorudi kila mara ni kuweka bei ya lazima. Linapendeza masikioni, lakini halifiki mbali. Ukimlazimisha mpishi kuuza sahani kwa bei isiyolipa makala na unga, atapunguza kipimo ao ataacha maharagi na kubaki na nyama ya wenye pesa. Watoto ndio watakaokosa.

Kinachoweza kushusha bei kwanza ni usalama wa shamba. Doria kwenye njia za mashamba wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna ina faida kwa sahani kuliko tangazo lolote la bei. Raia wamezoea kusikia usalama ukipimwa kwa vijiji vilivyokombolewa. Upimwe pia kwa magunia ya muhogo yaliyofika sokoni kwa miguu.

La pili ni malipo madogo madogo yanayodaiwa kwa mama malewa: ya soko, ya usafi, ya patente, na yale yasiyo na karatasi. Mwaka 2018 Tanzania ilianzisha kitambulisho kimoja cha wafanyabiashara wadogo, wakiwemo mama lishe, kwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ili wasidaiwe kila siku. Mpango huo haukukosa malalamiko, lakini msingi wake ulikuwa wazi: lipa mara moja, upate karatasi, uachwe upike. Viongozi wa Beni na Eringeti wanaweza kujaribu jambo hilo bila kungoja Kinshasa.

La tatu liko mikononi mwa wapishi wenyewe. Likelemba, ile desturi ya kuchangia na kupokezana pesa, inaweza kununua gunia la maharagi na la makala kwa jumla wakati wa mavuno, badala ya kila mmoja kununua kwa kikombe kila asubuhi. Wapishi watano wakipokezana jiko moja kubwa la maharagi, makala ya masaa mengi yanagawanywa kwa tano.

Mwezi wa tatu 2025, PAM na FAO zilitangaza kwamba watu milioni 28 nchini Kongo wana njaa kali. Idadi hiyo huwaza watu waliopanga foleni ya msaada. Lakini njaa inaanza mapema zaidi, kwenye benchi la malewa, pale mama anaposema ameshiba wakati hajagusa sahani. Siku mkulima wa Eringeti atakapolala shambani kwake na kuamka, familia hiyo ya watu sita itaanza kuomba sahani ya nne.